Kikombe cha Kwanza cha Chigonela

Jumamosi, tarehe 9 Novemba. Mkonze kulikucha na upepo wa vumbi, na juu yetu mawingu mazito yaliyokaa tangu alfajiri kama wageni wasiotaka kusema walichokuja nacho. Jua lilipopanda yakaondoka. Hayakuacha hata tone.

Nilikuacha getini, msomaji wangu. Bajaji imesimama, ndani yake mwanamke mwenye tumbo kubwa, na hakuna ndugu aliyeshuka pamoja naye.

Kwa anayenisoma leo kwa mara ya kwanza: mimi ni Mwanaidi, mzaliwa wa Kondoa, mama wa watoto wakubwa, na mwanafunzi wa masomo ya jioni nikiwa na mvi kichwani. Mwaka wa kwanza nilipojiandikisha kufanya mtihani wa kidato cha nne, siku ya mtihani tulikuwa tunamzika mama mkwe wangu. Mwaka uliofuata nilikuwa kitandani, homa ya matumbo imenilaza. Huu ni mwaka wa tatu, na mtihani unaanza Jumatatu.

Mume wangu Mustapha, mlinzi kule Mtumba, alishatamka mbele ya kaka zangu: "Nimevumilia vya kutosha. Mwanaidi akikosa na safari hii, basi. Jioni atakaa nyumbani kama wake za watu."

Sikumlaumu. Nilimlilia Mungu tu. Cheti hicho ndicho mlango wangu wa kwenda kusomea uhudumu wa afya, na mlango mwingine sina.

Na siku ya mwisho ya darasa, Mwalimu Bartolomayo alitusimamisha mmoja mmoja, kila mtu aseme kwa sauti kwamba atafika. Mwalimu huyu ni rika la mwanangu wa kwanza. Huniamkia shikamoo kwa heshima zote, kisha ananipa sifuri ya Hisabati kwa heshima hizohizo. Nikasimama, nikasema mbele ya darasa zima: "Jumatatu nitakuwa kwenye kiti changu, inshallah."

Sasa turudi getini.

Nyumba yenye geti hilo tunaiita chigonela. Iko nyuma ya kituo cha afya. Wajawazito wa vijiji vya mbali huja kulala pale kusubiri uchungu, wasije wakajifungulia njiani. Kikundi chetu cha akina mama wa kujitolea ndicho kinachoihudumia. Tunapika uji, tunateka maji, tunafua mashuka, tunafagia. Hatulipwi, na hatukuomba kulipwa. Kila mmoja ana zamu yake, na yangu ilikuwa inaisha asubuhi hiyohiyo. Nilishakunja aproni. Daftari la Baiolojia lilikuwa kwapani.

Tuna desturi moja, na ndiyo iliyonifunga.

Zamani mwanamke akija bila ndugu, kila mmoja wetu alidhani mwenzake atamwangalia. Mwishowe hakuangaliwa na mtu. Ndipo kikundi kikaamua: anayempa mgeni wa namna hiyo kikombe cha kwanza cha uji, huyo ndiye mama yake. Atalala naye, ataingia naye leba, atampokea mtoto kwa khanga yake mwenyewe. Hatoki mpaka mtoto alie.

Desturi nzuri. Siku ilipopitishwa, mimi nilikuwa wa kwanza kupiga vigelegele.

Lakini asubuhi ile, mwanamke yule aliposhuka, ungeona jinsi tulivyokumbuka kazi! Mmoja alikimbilia mashuka. Mwingine akaanza kufagia mahali palipokwisha kufagiliwa. Tukabaki jikoni watatu: mimi, mwenyekiti wetu Yasinta, na Munira aliyekuja kupokea zamu yangu.

"Munira," nikasema, "mgeni wako huyo."

Munira akanyoosha mikono yote miwili. Hina mbichi, kutoka vidoleni mpaka karibu na viwiko, maua na majani.

"Shoga yangu, jioni nina harusi Ipagala. Nimetoka kupakwa sasa hivi. Nikishika kikombe si inavurugika yote?"

"Unakujaje zamu na hina mbichi?"

"Nimekuja kusimamia. Kusimamia hakuhitaji mikono."

Nikamgeukia Yasinta. Alikuwa ameshaanza kutikisa kichwa.

"Usinitazame mimi. Mwenyekiti hachukui mgeni, unajua. Nikifungwa na mmoja, hawa wengine wataendeshwa na nani? Na leo mchana Bi Khairunissa na wenzake wa mjini wanaleta magodoro."

Mgeni alikuwa amefika mlangoni. Midomo imempasuka kwa ukavu, vumbi limelala kwenye nyusi. Akatusalimu kwa Kirangi.

Wenzangu wakatazamana. Mimi nikaitikia kabla sijawaza, kwa lugha ya marehemu mama yangu, na uso wa yule binti ukakunjuka.

"Anaitwa Tabu," nikawaambia. "Ametoka huko nyuma ya milima ya Kondoa. Mumewe kampandisha basi, yeye karudi kusafisha shamba kabla ya mvua."

"Kiswahili hajui?" Yasinta akauliza.

"Anakisikia kidogo. Kukisema ndiyo shida."

Munira akacheka. "Basi Mungu ameshapanga. Mrangi kwa Mrangi."

"Mungu hajapanga, Munira. Unayepanga ni wewe."

Nikasali kimoyomoyo. Ewe Mola, nionyeshe pa kupitia. Halafu ikanijia akili ambayo saa ile niliiona ni kubwa sana. Kikombe kisipotoka mkononi mwa mtu, nani atakuwa amekitoa?

Nikajaza uji kwenye kikombe cha bati, nikakiweka juu ya ukingo wa dirisha, nikarudi nyuma. Nikamwambia Tabu kwa Kirangi achukue mwenyewe.

Munira nusura adondoke kwa kicheko. "Hee! Msomi huyo! Ndiyo mnayofundishwa jioni hayo?"

Tabu akanyoosha mkono. Mkono ukakipita kikombe, ukashika hewa. Macho yakamgeuka.

Nilimdaka kabla hajafika sakafuni. Nikamkalisha mkekani, nikampepea kwa daftari la Baiolojia. Nikakitwaa kikombe, nikamwekea mdomoni. Akakinywa chote kwa pumzi moja.

Nikakitazama kikombe. Kilikuwa mkononi mwangu.

"Bwana asifiwe," Yasinta akasema. "Tabu amepata mama."

"Alhamdulillahi," Munira akaitikia, akaendelea kuipuliza hina yake.

*

Nesi Lameck alimpima, akatoka anafuta mikono.

"Njia bado haijafunguka. Anaweza kuanza leo, anaweza kwenda mpaka katikati ya wiki."

"Nesi, mimi Jumatatu nina mtihani."

"Mama Mwanaidi, mtoto wa tumboni haijui Jumatatu."

Nikakaa kizingitini, mgongo kwenye mhimili wa mlango, nikafungua daftari. Maneno yalikuwa yanaelea. Nikaanza kusoma kwa kunong'ona ili yasinikimbie.

Tabu alikuwa amelala ubavu, ananitazama.

"Unasoma Kurani?" akauliza kwa Kirangi.

"Hapana. Nasoma figo."

"Figo za nani?"

"Za watu wote."

"Ili iweje?"

"Ili nifaulu."

Akacheka kwa mara ya kwanza, kicheko cha mtoto. Kisha akauvuta upande wa khanga yangu, akaushika.

"Soma kwa sauti," akasema. "Nikiisikia sauti yako, najua upo."

Nikasoma kwa sauti. Nikasoma figo zote, nikaingia kwenye moyo, damu inaingia huku na kutokea kule. Kila nilipopunguza sauti, ile khanga ilivutwa.

Wakati wa adhuhuri niliomba ruhusa nikaswali pale pale chumbani, maana kutoka nisingeweza. Nikanyoosha mikono, nikakosa cha kuomba. Nilikwenda kwa Mola na shida mbili zinazogombana, na kila nikiiombea moja naikwamisha nyingine. Nakiri mbele yenu: nilikaribia kumwomba Mungu uchungu wa Tabu uanze upesi, ili tu mimi niwahi. Nikajishika mdomo. Nani anamwombea mwenzake maumivu kwa ajili ya kiti cha mtihani?

Nilipokunja mkeka, Munira alikuwa amesimama mlangoni. Hina ilikuwa imekauka, imebanduliwa, mikono inang'aa wekundu.

"Nimekuonea huruma, Mwanaidi."

"Huruma yako imechelewa."

"Sikiliza kwanza. Kuna kikombe cha pili."

Kwa kuhangaika kote kule nilikuwa nimesahau. Desturi yetu ina mlango mmoja mdogo: mgeni mwenyewe akikubali, mbele ya watu, kunywa kikombe cha pili kutoka mkono mwingine, mama wa kwanza anakuwa huru.

"Na harusi?"

"Nitapeleka zawadi, nicheze wimbo mmoja, nirudi kulala hapa. Lakini tufanye mbele ya wageni. Yasinta anataka waone desturi yetu ilivyo." Akainamisha kichwa, akatabasamu. "Na mimi nionekane kidogo. Kila picha ya kikundi hiki ni wewe na mwiko wako."

Nilimkumbatia. Nililia begani kwake, nikimsifu Mungu kwa sauti. Nikaona mlango umefunguka. Kumbe ulikuwa umepakwa rangi ukutani tu.

*

Bi Khairunissa, mwenye duka la vyombo mjini, alifika na wenzake na gari la magodoro. Mwanamke mpole, miwani mikubwa, anasalimia kila mtu kwa jina. Tukaimba. Tukasali sala mbili, ya Kikristo na ya Kiislamu, kama ilivyo kawaida yetu. Wajawazito walikaa kwenye mikeka kivulini, akina mama tumesimama nyuma na vilemba vyetu vya kijani.

Yasinta alikuwa anaeleza habari ya kikombe nilipowaona watu wawili wanaingia getini.

Wa mbele alikuwa Mwalimu Bartolomayo, mkononi ameshika rula na kalamu alizowanunulia wanafunzi wake. Alikuwa amenifuata nyumbani, akanikosa. Nyuma yake alikuwa aliyemwelekeza njia: mume wangu, Mustapha.

Nikawapungia mkono. Subirini, nikawaonyesha kwa ishara. Ni dakika tu, nakuja.

"Mama wa kwanza amepatwa na dharura," Yasinta akawaambia wageni. "Sasa mama wa pili, Munira, atatoa kikombe. Mgeni akinywa, imekuwa."

Munira akatoka mbele, anatembea kama bibi harusi. Wageni wakainua simu zao kupiga picha. Akapiga goti, akamsogezea Tabu kikombe kwa mikono yake myekundu.

Tabu akakitazama kikombe. Akaitazama mikono.

Akafunga mdomo.

"Kunywa, mwanangu," Munira akambembeleza.

Tabu hakumwangalia. Aliniangalia mimi, akaanza kusema kwa Kirangi, taratibu, maneno mengi kuliko yote aliyosema tangu afike.

"Anasemaje?" Yasinta akauliza.

Ndugu msomaji, alichosema ni hiki.

"Mtoto wangu wa kwanza nilimzaa nyumbani. Jirani aliyekuwa nami aliniambia, nakuja sasa hivi. Akatoka. Mtoto akaja, hakukuwa na mikono ya kumpokea, naye hakulia. Huyu ana mikono mizuri, lakini nilipofika aliikunja, hakutaka ichafuke. Wewe pia nilikuona. Uliweka kikombe dirishani unikimbie. Lakini nilipoanguka, mikono yako ilikuja yenyewe. Kikombe cha pili sikitaki. Nataka useme kwa mdomo wako kwamba hutatoka. Usiposema, nitafutie bajaji nirudi kwetu, nikazae na Mungu wangu."

"Mwanaidi," Yasinta akarudia, "anasemaje?"

Nikawatazama. Macho yote yamenielekea, na hakuna hata mmoja aliyeambulia neno. Munira yuko chini, goti linamuuma, ananiomba kwa macho. Mustapha kakunja mikono kifuani getini. Mwalimu ameinua ile kalamu kidogo, kama mtu anayemwonyesha ng'ombe majani.

Neno moja tu lilitosha. Amekubali, anaona aibu tu. Wangepiga makofi. Ningeshika mkoba wangu. Jumatatu ningekaa kwenye kiti changu.

Nani angejua? Pale uwanjani Kirangi tulikisikia sisi wawili tu.

Sisi wawili, na Mola. Naye hahitaji mkalimani.

Nikatafsiri. Nilianza na mtoto ambaye hakulia. Nikafika kwenye mikono ya Munira, nikasema. Nikafika kwenye kikombe changu cha dirishani, nikasema na hicho, hakuna nilichopunguza.

Simu zikashuka moja moja. Munira akakiweka kikombe chini, akaificha mikono yake ndani ya khanga. Safari hii haikuwa kwa ajili ya hina.

"Mama yangu," Bi Khairunissa akasema, anapandisha miwani afute macho, "huyu mtoto wa watu anangoja jibu."

Nikafungua mdomo. Mwalimu akaniwahi, akasogea mbele, akainama kidogo.

"Shikamoo, mama. Nisamehe kuingilia. Jumatatu saa mbili asubuhi mlango wa chumba cha mtihani unafungwa. Ukishafungwa haufunguliwi hata kwa kilio. Mimi mwenyewe sitaweza kukusaidia."

"Marahaba, mwalimu," nikasema.

"Mwanaidi." Huyo sasa Mustapha, sauti kavu, mbele ya wageni. "Kuna akina mama wangapi hapa? Chukua mkoba wako twende nyumbani. Au yale niliyoyasema mbele ya kaka zako unadhani yalikuwa mzaha?"

"Shemeji, hapa kuna ugeni," Yasinta akamwambia.

"Mimi namsemesha mke wangu, mwenyekiti."

"Na mimi nakusemesha wewe. Desturi ni desturi. Alikitoa kikombe, tulimwona."

"Kikombe cha uji ndiyo ndoa?"

Watu wengine wakacheka, wakajizuia. Mimi sikucheka. Nilijiona kama mbuzi wa mnadani: huyu kashika kamba, yule kashika pembe, na kila mmoja ana haki yake. Tabu alikuwa na haki. Mustapha alivumilia, ana haki. Mwalimu alinifundisha mpaka sauti ikamkauka, ana haki. Hata ile desturi ilikuwa na haki, maana niliipigia vigelegele.

Nikachuchumaa karibu na Tabu nimwambie anisamehe. Nilikuwa nimeshalipanga neno hilo kwa Kirangi. Akanishika mkono, akaulaza ubavuni mwake.

Tumbo lilikaza chini ya kiganja changu, gumu kama jiwe la kusagia. Akauma mdomo.

"Nesi!" nikaita.

Lameck akapiga goti, akaweka mkono, akasubiri. Tumbo likalegea.

"Ndiyo uchungu?" nikamuuliza.

"Huenda ndiyo. Huenda ni tumbo linajaribu tu, litulie mpaka Jumanne." Akaninong'oneza: "Kwa tumbo lilivyo, mtoto huyu ni mkubwa. Ikibidi tutampeleka hospitali ya mjini, na lazima awe na mtu wake."

Mtu wake.

Tabu alikuwa hajaondoa macho usoni pangu. Aliuachia mkono wangu, taratibu, kidole kimoja kimoja, kama mtu anayekupa ruhusa ya kwenda. Jambo hilo ndilo lililonimaliza.

Nikasimama. Nikakiokota kile kikombe alichokiweka Munira chini, nikanywa uji wote uliokuwemo, kikombe cha pili kisiwepo tena, nikakishikilia kitupu kifuani.

Maisha yangu yote nimeweka inshallah kwenye kila ahadi, hata ya kwenda sokoni. Saa ile ulimi ulichukua neno zito zaidi, na sikuuzuia. Nilimtazama Yasinta, nikamtazama Bi Khairunissa na wenzake, nikawatazama wajawazito kwenye mikeka, na wale wanaume wawili waliokuja kunichukua. Nikasema kwa Kirangi kwanza, ili Tabu asikie. Halafu nikasema kwa Kiswahili, kwa sauti ya kufika getini, asije mtu akasema hakusikia:

"Tabu, hutajifungua peke yako. Sitatoka kwako mpaka mtoto wako alie. Na wewe mume wangu, na wewe mwalimu, Jumatatu mlango wa mtihani utakapofungwa, mimi nitakuwa ndani yake. Wallahi, yote mawili."